Uhamie kabini kubwa au ubaki na ndogo? Mwongozo kamili kwa anayeenda kruzi akitokea Uganda

Tangu turudi safari yetu ya meli kuna swali naulizwa karibu kila wiki. Mtu amelipia kabini ndogo ya ndani, halafu kampuni inamtumia imeili kwamba ongeza pesa kidogo uhamie chumba chenye balkoni, na ofa inaisha kesho kutwa, sasa ananipigia simu usiku anauliza afanyeje. Nimeona niandike yote mahali pamoja. Kwetu hapa pesa ya kruzi ni pesa ya miaka, mtu kaiweka SACCO, watoto wamechangia, wengine wameuza kiwanja, na ile imeili inakuharakisha kwa jambo ambalo linataka ukae chini na kalamu na karatasi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mahali kabini ilipo ndani ya meli pana uzito kuliko ukubwa wake, na kabla hata ya hayo kuna viza na ndege, ambavyo sisi tunaotokea Entebbe lazima tuvimalize kwanza.

Hatua ya 1: viza na ndege kabla ya kugusa kabini

Najua ulitaka nianze na vyumba lakini hapa ndipo nimeona watu wanaumia. Kama unaenda Mediterania, unapandia labda Barcelona au Marseille au Civitavecchia kule karibu na Roma, unahitaji viza ya Schengen (ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya), na kama meli inatoka nje ya Schengen njiani, tuseme inapita Uturuki au Tunisia halafu inarudi Italia, hiyo viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Zile za kutoka Durban kwenda Msumbiji zinataka viza ya Afrika Kusini pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sasa pesa ya kuapgredi, yaani kuhamia kabini ya juu, ikishakatwa mara nyingi hairudi, hata viza ikikataliwa. Kwa hiyo usitoe hata shilingi moja ya kuapgredi kabla paspoti haijarudi mkononi mwako na viza iko ndani, hata kama ofa ni tamu vipi, ofa nyingine huwa inakuja.

Halafu ndege. Kutoka Entebbe utaunganisha sehemu, Addis Ababa au Istanbul au Doha au Dubai, na ndege ya kwanza ikichelewa ya pili inakuacha, na meli haisubiri abiria aliyekuja na tiketi yake mwenyewe. Fika mji wa bandari siku moja kabla. Hata begi likipotea njiani lina usiku mmoja wa kukufuata. Kwa hiyo kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, hoteli ya usiku mmoja karibu na bandari au balkoni, chukua hoteli bila kufikiria mara mbili. Mimi hapa sina mjadala kabisa.

Hatua ya 2: chukua kamba upime

Kabini zinakuja kwa aina nne hivi. Kuna ya ndani isiyo na dirisha, kuna ya dirisha lisilofunguka, kuna ya balkoni, na kuna switi, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Kwenye meli kubwa za siku hizi ya ndani huwa na mita za mraba kama 14 hadi 17 pamoja na bafu, ya dirisha inazidi kidogo au inalingana, ya balkoni inakuwa 17 hadi 20 na juu yake balkoni ya mita 4 au 5, switi zinaanzia karibu 28 na kwenda juu. Uwe makini na tovuti zinazojumlisha balkoni kwenye ukubwa wa chumba, unasoma 23 unafurahi kumbe 5 ziko nje.

Namba peke yake haisemi kitu. Sisi tulitoka uani, mume wangu akachukua kamba na vigingi akapima mita 3 kwa 5, akatoa pembeni kipande cha bafu, tukaleta godoro la futi tano kwa sita, kiti cha plastiki, na mswala wa mama mkwe. Mama akatandika mswala wake kati ya godoro na ile kamba, akarukuu, akasujudu, akasema panatosha, mradi masanduku yasiwe njiani. (Na kweli masanduku yanaingia chini ya kitanda, vitanda vya meli vimeinuliwa kwa ajili hiyo.) Yule mama alikulia Bombo nyumba ya watu kumi na moja, na mimi nimeanza maisha Kampala kwenye muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, wa futi kumi kwa kumi na mbili, ambao ni mita za mraba 11, tukipika humo humo, kwa hiyo ukiniambia kabini ya mita 15 yenye bafu lake ni ndogo nakuuliza ndogo kulinganisha na nini.

Halafu tukasogeza kamba iwe saizi ya kabini ya balkoni, mita 18. Kigingi kilisogea mita moja tu, nikasimama pale nikaelewa kitu ambacho picha za tovuti zilikuwa zimenificha, kwamba ukihama kutoka ya ndani kwenda ya balkoni hununui ukubwa, unanunua hewa na mwanga, na mahali pa kukaa mmoja wakati mwenzake amelala. Ukubwa hasa unaanza kwenye switi. Kwa hiyo jiulize unachokosa ni nafasi au ni mwanga, kwa sababu ni vitu viwili na bei zake ni mbili.

Kabini ya ndani ina giza kabisa, ukizima taa hujui ni mchana au usiku. Wengine wanalala humo kama watoto, wengine wanasikia kifua kinabana. Jaribu nyumbani, funga mapazia, ziba na upenyo wa mlango kwa shuka, ulale hivyo siku mbili. Meli nyingi zina chaneli ya kamera ya mbele kwenye TV, ukiiacha imewashwa bila sauti asubuhi inakuonyesha kumekucha.

Hatua ya 3: hesabu masaa utakayokuwa macho ndani ya chumba

Hii ndiyo hesabu inayomaliza ubishi mwingi. Tuseme ofa inasema dola 150 kwa usiku saba. Soma vizuri, karibu kila mara hiyo ni kwa mtu mmoja, na mko wawili, kwa hiyo ni 300. Kwa dola moja shilingi 3,700 hiyo ni 1,110,000, na kwa wengi wetu hiyo ni ada ya mtoto muhula mzima.

Sasa chukua ratiba ya meli, siku kwa siku. Siku ya bandari unaamka, unaoga, unatoka saa mbili asubuhi, unarudi jioni umechoka, unakula, unaangalia shoo, unalala. Masaa uliyokaa chumbani ukiwa macho ni mawili. Siku ya baharini yanaweza kuwa matano, kama ni mtu wa kutulia. Safari ya Mediterania ya wiki mara nyingi ina siku moja tu ya baharini, wakati mwingine hakuna kabisa, kwa hiyo unapata kama masaa 17. Gawanya 300 kwa 17 unapata karibu dola 18, yaani kama shilingi 65,000 kwa kila saa ya kukaa macho karibu na ile balkoni. Safari ya kuvuka bahari au ya Norwe kwenye yale mabonde ya bahari kati ya milima, au Alaska, unaweza kufika masaa 35 na zaidi, na hapo bei ya saa inashuka nusu, na tena mandhari yenyewe yanapita mbele ya chumba chako. Ndiyo maana mimi nasema balkoni ya Norwe ina maana na balkoni ya Barcelona, Marseille, Genova kila siku bandari mpya mara nyingi haina.

Kuna watu hesabu yao ni tofauti na nawaambia wazi lipeni. Mama mwenye mtoto mchanga, mtoto analala mchana masaa mawili na wewe huwezi kumwacha, ukiwa na balkoni unakaa nje na chai unapumua, usipokuwa nayo unakaa gizani unaogopa hata kugeuza ukurasa (lakini mtoto anayetembea na kupanda viti, hapo balkoni inakuwa kazi ya ulinzi, viti viingizwe ndani na mlango ufungwe juu). Mtu anayetoka hospitali. Wazee ambao hawawezi kupanda kushuka kila saa, pia maharusi. Na mtu yeyote anayebanwa na vyumba vilivyofungwa, huyo asihesabu masaa.

Hatua ya 4: fungua ramani ya deki, hapa usikimbie

Hapa ndipo sisi tulikosea na naomba usome polepole. Tulikuwa na kabini mbili za ndani, yetu na ya mama, zote katikati ya meli chini kidogo. Ofa ya balkoni ikaja, mume wangu akafurahi, tukalipia kwa ajili yetu wawili, mama akakataa akasema yeye chumba chake kinamtosha. Tukapewa balkoni deki ya juu, yaani ghorofa ya juu ya meli. Usiku wa kwanza nimelala nasikia kama mtu anaburuta jeneza la chuma juu ya kichwa changu, saa kumi na moja alfajiri, krrrr, inanyamaza, krrrr tena. Ilikuwa viti vya bwawa la kuogelea. Juu yetu hapakuwa na kabini, palikuwa na sakafu ya bwawa, na wafanyakazi wanapanga vile viti vya kuanikia jua kila alfajiri, mamia. Nilienda mapokezi, wakasikitika kwa adabu, meli imejaa hakuna pa kutuhamishia. Siku saba. Mama tukimkuta kwenye kifungua kinywa saa mbili ametoka kwenye usingizi mzito, uso umenyooka, anatuuliza nyinyi mbona macho mekundu.

Kwa hiyo ramani ya deki, ambayo iko bure kwenye tovuti ya kampuni, ifungue na uangalie deki tatu kwa pamoja, yako, ya juu yake na ya chini yake. Kabini nzuri ni ile iliyobanwa na kabini zingine juu na chini, kwa sababu watu waliolala hawana kelele. Juu yako kusiwe na bwawa, bufe, jiko wala uwanja wa michezo. Chini yako kusiwe na ukumbi wa shoo au disko, besi inapanda kwenye chuma hadi saa nane usiku. Ukiwa chini kabisa upande wa omo, yaani mbele, utasikia nanga na zile mashine za kusukuma meli kando ikiingia bandarini alfajiri, na upande wa tezi, nyuma, kuna mtetemo wa injini. Mbele ya lifti watu wanaongea. Na ukiona alama ndogo ya mlango kati ya kabini mbili, ujue kuna mlango wa kuunganisha, sauti inapita, ni mzuri kama jirani ni ndugu yako na mbaya kama humjui wala hakujui.

Cha mwisho kwenye ramani ni boti za kuokolea. Kabini za dirisha na hata za balkoni kwenye deki fulani zinatazama mgongo wa boti badala ya bahari. Huwa zinauzwa bei ya chini na zinaandikwa kwamba mandhari imezibwa, na kama wewe ulitaka mwanga tu bila bahari, hiyo ni nafuu nzuri kweli.

Hatua ya 5: tumbo lako nalo liulizwe

Meli haichezi sana katikati na chini, na inacheza sana ukiwa juu na ukiwa kwenye ncha zake. Sasa angalia switi na kabini kubwa ziko wapi, nyingi ziko juu, na nyingine kwenye kona za omo na tezi. Maana yake unaweza kulipa zaidi ili utapike zaidi. Kama hujawahi kukaa kwenye maji, nenda Nakiwogo upande feri ya kwenda Lutoboka, Kalangala, ni masaa matatu na zaidi kidogo kwenye ziwa. Kaa nusu ya safari ndani umefunga macho, nusu nyingine nje unatazama upeo wa maji. Bahari ina mawimbi marefu kuliko ya Nalubaale (Ziwa Victoria) na meli ni kubwa mno kwa hiyo si sawasawa, lakini utajijua kama wewe ni wa kuhitaji kuona upeo ili utulie. Shemeji yangu alijijua hapo hapo kwamba ndani hawezi, nje yuko sawa, basi kwake yeye kabini ya dirisha, katikati, chini, ndiyo ilikuwa apgredi ya kweli na ilikuwa rahisi kuliko balkoni.

Hatua ya 6: uingie kwa mlango upi

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo kwa safari nyingi iko kama siku 90 kabla, unamwambia ejenti wako akuangalizie bei ya leo ya kabini ya juu. Hii ndiyo naipenda kwa sababu unachagua namba ya kabini mwenyewe. Lakini muulize, nikihama naanza bei mpya? Zile zawadi za ofa ya mwanzo, vinywaji au pesa ya kutumia melini, zinabaki? Kuna wakati tofauti inaonekana dola 80 kumbe umepoteza kifurushi cha 200. Na kama ulibuku kupitia ejenti wa Kampala usihangaike kupigia kampuni, watakurudisha kwake.

Ya pili ni kubidi, yaani kutaja bei yako kama mnadani. Royal Caribbean wanaiita RoyalUp, Celebrity MoveUp, Norwegian Upgrade Advantage, kampuni zingine nazo zina zao. Wanakuonyesha kabini za juu na kiasi cha chini, unataja pesa yako, na kuna mshale unaosema ofa yako ni dhaifu au ina nguvu. Mambo ya kujua kabla hujagusa: kiasi ni kwa mtu na kinazidishwa kwa wawili hata ukisafiri peke yako, huchagui namba ya kabini wala deki, wakikubali kadi inakatwa hapo hapo na hakuna kurudi nyuma, na jibu linaweza kuja siku mbili tatu kabla ya kuondoka wakati uko uwanja wa ndege. Kwa hiyo usibidi aina ambayo ina hata kabini moja usiyoweza kuivumilia, maana hiyo moja ndiyo inaweza kuwa yako. Na mkiwa familia yenye kabini mbili jirani, moja ikipanda mnatengana, sisi tulikuwa deki tano mbali na mama.

Kabla ya kubidi fungua tovuti uone bei ya wazi ya hiyo kabini leo. Nimeshaona watu wanabidi karibu sawa na tofauti ya bei ya kawaida, ambayo ingewapa na haki ya kuchagua. Mimi naanzia chini kabisa au juu yake kidogo, nikikosa nimekosa, kabini yangu ya kwanza bado ipo.

Ya tatu ni bandarini siku ya kupanda, unauliza mapokezi kama kuna nafasi. Meli ikijaa hakuna, na usiitegemee.

Switi na familia

Switi nazitaja haraka. Kwenye sehemu za switi kama MSC Yacht Club, Haven ya Norwegian, Retreat ya Celebrity au Grills za Cunard unapata mgahawa wako na sehemu yako ya jua mbali na watu, na kwenye meli kama Icon of the Seas ya mwaka 2024 inayobeba abiria zaidi ya 7,000 ikijaa, utulivu huo una bei yake kweli. Lakini bakshishi ya kila siku nayo inapanda. Kwenye kampuni nyingi za Marekani ni kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na switi wanaongeza dola mbili hadi tano, zidisha kwa watu na siku uone.

Familia ya wanne nawashauri kitu kimoja kabla ya switi: ulizeni bei ya kabini mbili za ndani, ubavu kwa ubavu au zinazotazamana. Mara nyingi inashuka chini ya switi moja, na mnapata bafu mbili, na asubuhi ya bandari watu wanne wanaogombania choo kimoja ni ugomvi ambao hakuna balkoni ya kuutuliza. Kampuni nyingi zitataka mtu mzima aandikwe kwenye kila kabini wakati wa kubuku.

Ukishahama

Piga simu benki kabla, uwaambie kuna malipo ya dola yanakuja mtandaoni na waangalie limiti ya kadi yako, maana ofa ikikubaliwa na kadi ikikataa unaweza kuikosa, na uliza kiwango chao cha kubadilisha dola kwa sababu hakilingani na cha forex bureau. Namba ya kabini ikibadilika, printi upya zile lebo za mabegi, za zamani zitupe kabisa, la sivyo begi linapelekwa mlangoni kwa mgeni. Kituo chako cha kukusanyika wakati wa dharura nacho kinaweza kubadilika, kisome kwenye kadi mpya. Plagi zetu za pini tatu za mraba hazitaingia, beba adapta ya Ulaya na ya Marekani, lakini extension yenye kinga ya umeme iache nyumbani, na pasi pia, watazichukua mlangoni. Beba na kulabu mbili za sumaku, kuta za kabini ni za chuma, sisi tulitundika mswala wa mama ukutani kila akimaliza na sakafu yote ikabaki wazi.